Je, Wajua? Mpira wa Mkojo Ukiruhusiwa Nao Kurudi Tengeru

Je, wajua kuwa rangi iliyo kwenye mdomo wa mpira wa mkojo hutaja unene wake? Kijani ni namba 14, chungwa ni 16, nyekundu 18. Kila namba tatu ni milimita moja. Ikariri rangi ya mpira wa babu unayemuuguza: ukimpigia nesi simu kutoka nyumbani Nkoaranga, hilo ni jambo moja utakaloweza kumjibu bila kubahatisha.

Je, wajua kinachouzuia usichomoke? Ni puto dogo ndani ya kibofu, mara nyingi limejazwa mililita 10 za maji yaliyotakaswa. Mmarekani Frederic Foley ndiye aliyeupatia umaarufu mpira wa namna hii miaka ya 1930. Usiuvute kamwe! Puto likipita njia ya mkojo likiwa limejaa, huchana nyama.

Je, wajua mkojo haupandi mlima? Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, mzee hupanda hiace kuelekea kliniki Moshi, akaupakata mfuko wa mkojo mapajani chini ya koti ili abiria wasiuone. Namwelewa. Lakini mfuko usipokuwa chini ya kibofu, mkojo uliokwisha kutoka hurudi kibofuni pamoja na vijidudu vyake. Mfuko mdogo hufungwa kwenye muundi, ndani ya suruali au chini ya kitenge, na hakuna atakayejua. Usiku, kama kitanda hakina pa kuutundika, uweke ndani ya ndoo safi, sakafuni hapana.

Mfuko humwagwa ukifika nusu au zaidi kidogo, kwa sababu uzito wake huuvuta mpira. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Koki ya mfuko isiguse ndoo unayomwagia.

Je, wajua mafuta ya mgando huuharibu mpira wa lateksi? Sabuni na maji kila siku vinatosha. Mwanamke husafishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa arudishe govi mahali pake baada ya kuosha, lisije likavimba.

Je, wajua kukosa choo huweza kuziba mkojo? Utumbo uliojaa huukandamiza mpira. Papai, mboga za majani na maji ni sehemu ya tiba. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi cha maji. Kizibo kingine ni bakteria aitwaye Proteus: hubadili mkojo hadi chumvi zake zigande ndani ya mpira kama magamba ya birika la chai.

Na mfuko ukigeuka zambarau, asitafutwe mchawi. Ni kazi ya bakteria, na nesi aelezwe.

Hapa nasema kwa msisitizo: maelezo ya mdomo mlangoni mwa wodi hayatoshi. Mke, binti au mjukuu atakayemuuguza amwage mfuko ule kwa mikono yake mwenyewe, nesi akitazama na kumsahihisha, kabla mzee hajaruhusiwa. Aondoke pia na tarehe iliyoandikwa ya kubadilisha mpira: wa lateksi kwa kawaida haupitishi wiki nne, wa silikoni huweza kufika kumi na mbili.

Mkojo ukikata na tumbo la chini likajaa, au homa ikaja na kutetemeka, au damu ikatoka kwa mabonge, usingoje kupambazuke. Amsha jirani mwenye bodaboda au gari, mpelekeni hospitali usiku huohuo, mfuko ukiwa chini ya kibofu njia nzima.