Moshi wa Trekta Usivuje Tena

Ndugu mkulima wa Awendo au Bonde la Lambwe, je, umebadili gasketi ya ekzosi mara kwa mara na moshi bado unavuja? Moshi ndio unaozungusha tabo, ile feni inayosukuma hewa katika injini. Ukivuja kabla ya kuifikia, trekta huishiwa nguvu huku miwa ikingoja.

Gasketi huenda haina kosa. Joto hupinda chuma, na bomba lisiloshikwa hutikisika, nati zikalegea. Injini ikipoa, tafuta masizi. Pima uso wa chuma kwa rula. Ukipinda, fundi ausawazishe. Tia nati mpya, uzikaze kidogo kidogo kwa kupishana. Funga bomba imara, kisha kagua tena kesho yake.

Usiwashe injini katika banda lililofungwa. Moshi huo huua.