Pumzi unapogeuka katika pisini

Ndugu wafanyakazi, siku ya mapumziko wengi wetu tunaenda pisini. Mtu anaogelea mita 25 vizuri, lakini akifika ukutani na kugeuka, anachoka kama mtu aliyepakia mawe. Sababu gani?

Sababu amefunga pumzi. Kinachomsonga hasa ni gazi karboniki, ile hewa chafu inayojaa katika damu. Basi, uso ukiwa ndani ya maji, toa pumzi polepole kwa pua na kinywa. Karibu na ukuta, vuta pumzi moja. Wakati wa kugeuka, puliza kwa pua, maji yasiingie. Sukuma ukuta kwa miguu miwili, teleza, kisha vuta pumzi tena bila kukawia.

Angalisho! Vijana wengine wanapumua haraka-haraka mara nyingi, halafu wanashindana kwenda na kurudi chini ya maji bila kupumua. Mchezo huo unaua. Kupumua hivyo kunafukuza gazi karboniki, na mwili hauonyi tena. Oksijeni inaisha, mtu anazimia kimya, wenzake wanafikiri angali anacheza. Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mnajua: hewa iliyopungukiwa oksijeni haipigi hodi.

Ukitoka kazi ya usiku, lala kwanza. Ukichoka, shika ukingo, pumzika mpaka uweze kusema maneno bila kuhema. Wababa na wamama, msiache watoto waogelee peke yao, hata dakika moja.