Lesotho: Barabara ya Mokhotlong na hatari inayobaki theluji ikishakatika

Kila mwaka, kati ya mwezi Mei na Septemba, milima ya Maluti katika Ufalme wa Lesotho hufunikwa na theluji kwa vipindi vya siku chache. Wakazi wengi wa Afrika Kusini huvuka mpaka ili kwenda kuitazama. Kwa wananchi wa wilaya ya Mokhotlong, iliyoko kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, theluji huleta swali moja tu: je, barabara inapitika?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Wengi hudhani kwamba hatari ipo siku theluji inapoanguka, na kwamba mbingu zikitakata, safari inaweza kuendelea. Siku ya theluji, kwa kweli, kila mtu huiona hatari, na mwenye busara hubaki nyumbani. Hatari iliyo ngumu kutambua huja siku zinazofuata, wakati anga ni buluu, jua linawaka, na lami inaonekana kuwa imelowa tu.

Nchi iliyo juu ya nyingine zote

Lesotho ndiyo nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hata mahali pake pa chini kabisa, mto Makhaleng unapoungana na mto Senqu, ni takriban mita 1,400. Kilele chake kirefu, Thabana Ntlenyana, chenye mita 3,482, ndicho kirefu kuliko vyote barani Afrika kusini mwa Kilimanjaro.

Msikilizaji aliyekulia Moshi anaijua theluji kama kitu cha kutazamwa kwa mbali, kikiwa juu ya mlima ambako hakuna gari linalopita. Aliyetoka Makete au Njombe ameona asubuhi za sakitu, majani yakiwa meupe kabla jua halijapanda. Huko Lesotho, barabara kuu yenyewe hupanda hadi kwenye baridi hiyo na kuipita.

Barabara hiyo, inayojulikana kama A1, huanzia Maseru, hupitia miji ya Teyateyaneng, Hlotse na Butha-Buthe, kisha huanza kupanda. Wasotho hukiita kipito cha mlimani kwa jina la lekhalo, na njia hii inavyo kadhaa. Cha kwanza ni Moteng, chenye urefu wa takriban mita 2,820. Baada ya kijiji cha Oxbow hufuata Mahlasela, mita 3,222, mahali palipo na kituo cha mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Mbele zaidi, karibu na mgodi wa almasi wa Letšeng, barabara hubaki juu ya mita 3,000 kabla ya kuteremka kuelekea mji wa Mokhotlong. Eneo hilo la Letšeng ndilo lililoandika rekodi ya baridi kali zaidi nchini humo: mwezi Juni 1967, kipimajoto kilishuka hadi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Theluji hutoka wapi

Majira ya baridi nchini Lesotho ni majira ya ukavu. Sehemu kubwa ya mvua hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kwa sababu hiyo theluji haiangukii mfululizo kama katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Huja kwa mawimbi, pale hewa baridi kutoka bahari ya kusini inaposukumwa kuelekea bara, ikapita Rasi ya Tumaini Jema na kupanda hadi kwenye miinuko. Ikikutana na unyevunyevu unaotoka upande wa Bahari ya Hindi, mawingu hujikusanya juu ya milima, na kinachokuwa mvua bondeni huwa theluji vileleni.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa hupoteza takriban nyuzi sita hadi saba za joto kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Mji wa Maseru uko kwenye takriban mita 1,600, na kipito cha Mahlasela kiko juu yake kwa kiasi kama hicho tena. Hivyo, dereva anayeondoka Maseru katika manyunyu yenye nyuzi saba anapaswa kutarajia nyuzi kadhaa chini ya sifuri huko juu. Mvua ya bondeni, kwa msafiri wa Mokhotlong, tayari ni onyo.

Mawimbi haya hayaheshimu mpaka wala kalenda. Mwezi Septemba 2024, watu wakiwa wameshaanza kuzungumzia majira ya machipuko, theluji nzito iliifunga barabara ya N3 kati ya Johannesburg na Durban katika eneo la Van Reenen. Magari mengi, yakiwemo malori ya mizigo, yalikwama usiku kucha, na maisha yalipotea.

Saa ya jua

Wimbi la baridi likishapita, mawingu huondoka. Mchana huwa mzuri, lakini usiku usio na mawingu hauna blanketi: joto lote la ardhi hupaa angani, na baridi huzidi ile ya siku ya theluji yenyewe. Hapo ndipo barafu hujijenga.

Mchana, jua huyeyusha theluji iliyolundikana kando ya barabara, na maji hutiririka juu ya lami. Jua likijificha nyuma ya mlima, maji hayo huganda na kuwa utando mwembamba wa barafu usio na rangi. Dereva huiona lami nyeusi chini yake na kudhani ni umajimaji. Theluji mpya ina angalau jambo moja jema: huonekana. Utando huu hauonekani mpaka tairi zimeshaanza kuteleza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa ukanda wa Ikweta anaweza asilifikirie. Katika nusu hii ya kusini ya dunia, jua la majira ya baridi hukaa upande wa kaskazini, tena chini. Miteremko inayotazama kaskazini hupata mwanga na kukauka mapema. Ile inayotazama kusini inaweza kukaa kivulini siku nyingi, na barafu yake hubaki ilhali majirani zake wameshasahau kwamba theluji ilianguka. Barabara ya mlimani hujipinda kama nyoka: kona moja iko juani na ni kavu, inayofuata iko kivulini na imeganda. Dereva aliyeizoea ile kavu kwa dakika kumi huiingia ile ya kivulini kwa mwendo uleule. Madaraja nayo huganda mapema kuliko barabara ya kawaida, kwa kuwa hewa baridi huyapuliza juu na chini.

Kwa hiyo milima ya Maluti ina ratiba yake, na ratiba hiyo ni jua. Muda ulio salama zaidi wa kupita juu ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Mwezi Juni, kabla ya saa kumi na mbili jioni giza limeshaingia.

Magari na imani potofu

Imani iliyoenea ni kwamba gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halina cha kuogopa. Gari hilo husaidia kuondoka na kupanda. Katika kusimama halina faida yoyote juu ya barafu, maana breki za kila gari hutegemea mshiko wa tairi, na mshiko ndio uliokosekana. Kinachosaidia ni mwendo mdogo, gea ndogo wakati wa kuteremka, kutokanyaga breki kwa ghafla, na kuacha nafasi kubwa nyuma ya gari lililotangulia. Minyororo ya tairi husaidia sana, lakini madereva wachache wa kusini mwa Afrika huwa nayo.

Madereva wa malori wana tatizo lao la ziada. Dizeli ya kawaida, ikipata baridi kali, hutoa chembe za nta zinazoziba chujio, na injini huzima au hukataa kuwaka asubuhi. Lori lililojazwa mafuta katika joto la pwani ya Durban linaweza kulala salama Butha-Buthe na kushindwa kuwaka Letšeng.

Upande wa mashariki, Mokhotlong huunganishwa na mkoa wa KwaZulu-Natal kwa njia ya Sani, iliyo na kilele cha takriban mita 2,870. Zamani ilikuwa njia ya nyumbu na punda waliobeba sufu na nafaka, na gari la kwanza liliipanda mwaka 1948. Upande wa Lesotho umewekwa lami hadi Mokhotlong. Mteremko wa upande wa Afrika Kusini ni mkali, wenye kona za kukatisha tamaa, na magari yasiyo na uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu manne hayaruhusiwi kuupanda. Barafu ikitanda, njia hiyo hufungwa.

Barabara ikifungwa

Njia zote mbili zikifungwa kwa pamoja, wilaya nzima hutegemea kile kilichomo ghalani. Unga wa mahindi, mafuta ya taa, gesi na dawa hupanda kwa barabara hizohizo. Familia zenye uwezo huweka akiba kabla ya mwezi Juni. Zisizo na uwezo hununua kidogokidogo, na hao ndio huumia kwanza duka la kijiji linapoishiwa.

Wajawazito wanaoishi mbali ni kundi lililo hatarini zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya zahanati za milimani zina nyumba za kusubiria, ambako mama huhamia wiki kadhaa kabla ya kujifungua ili uchungu usimkute upande wa pili wa theluji. Huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege ndogo hufikia zahanati zilizo mbali, lakini ndege nazo hushindwa mawingu yakifunika vilele.

Wachungaji, wengi wao vijana, hukaa na kondoo na mbuzi katika vibanda vya mawe vya malishoni vinavyoitwa metebo. Kwa desturi mifugo huteremshwa vijijini majira ya baridi. Theluji ya mapema, au ile ya Septemba mifugo ikiwa imeshaanza kukatwa manyoya, huweza kuua sehemu kubwa ya kundi, na kundi ndiyo akiba ya familia. Blanketi la sufu ambalo wageni hulinunua kama kumbukumbu ni vazi la lazima kwa vijana hao.

Wakazi wa Johannesburg pia wana sababu ya kuifuatilia milima hii. Tangu mwaka 1998, maji ya bwawa la Katse husafiri kupitia mahandaki hadi kwenye mfumo wa mto Vaal, unaolihudumia jimbo la Gauteng. Bwawa jipya la Polihali linajengwa katika wilaya hiyohiyo ya Mokhotlong.

Kwa anayesafiri

Wahenga walisema kawia ufike, na mlimani methali hiyo ni kanuni ya usalama. Anayesafiri auliza hali ya barabara kwa polisi au maofisa wa mpaka kabla ya kuanza kupanda, na amweleze mtu njia anayopita na saa anayotarajia kufika. Abebe blanketi, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, tochi na koleo, na ajaze tangi la mafuta bondeni.

Akikwama, abaki ndani ya gari. Gari huonekana kwa waokoaji kirahisi kuliko mtu anayetembea, na huzuia upepo, ambao huondoa joto la mwili haraka. Injini iwashwe kwa muda mfupi tu, baada ya kuhakikisha kwamba bomba la moshi halijazibwa na theluji. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari wala ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Onyo hilo linawahusu hata wale wasiopanda milima, wanaoota moto katika vyumba vya kupanga vya Johannesburg usiku wimbi lilelile la baridi linapopita.