Jumba jipya mtaani: Je, umeuliza magari yatapita wapi?

Na MWANDISHI WETU

MSOMAJI, bila shaka hali hii umewahi kuiona katika mtaa wako au mtaa wa jamaa yako. Nyumba ya zamani iliyokuwa na ua na miti yabomolewa. Ploti yazungushiwa mabati, malori ya kokoto yanaanza kuingia na kutoka, na kabla hujatanabahi jumba la ghorofa kumi na tano limesimama mahali palipokaa familia moja. Wapita njia huuliza nyumba zitapangishwa pesa ngapi. Ni wachache mno wanaouliza swali lililo zito zaidi: watu wote hao wakitoka asubuhi kwenda kazini na shuleni, watapita wapi?

Swali hilo una haki ya kuliuliza, na sheria iko upande wako. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka wa 1999 inamtaka mstawishaji afanyiwe tathmini ya athari za mradi wake kabla ya kuanza kujenga, kisha apate leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyalinda.

Wengi wetu tukisikia neno mazingira hufikiria misitu, mito na takataka. Lakini moshi wa magari unaoingia dirishani kwako, honi za alfajiri na mtoto anayeshindwa kuvuka barabara kwenda shule pia ni mazingira. Ndiyo maana ripoti nzuri ya tathmini huwa na sehemu inayohusu magari.

Hesabu hufanywaje?

Kwa kawaida mtaalamu huanza kwa kuhesabu magari yanayopita katika makutano yaliyo karibu na ploti, hasa asubuhi na jioni. Kisha hukadiria safari zitakazoletwa na jengo jipya. Jumba la maduka huwa na safari zake, shule zake, na nyumba za kupanga zake. Mwishowe hujumlisha mawili hayo na kuangalia kama makutano yatahimili.

Kwa miaka mingi wahandisi wa Marekani wamekuwa wakizipa barabara alama kuanzia A hadi F, kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Mtindo huo uliingia katika mwongozo wao mwaka wa 1965 na ukaenea katika nchi nyingi. A ni barabara ambayo magari yanapita bila kizuizi. F ni barabara iliyokwama. Mradi ukishusha alama sana, mstawishaji huambiwa apanue barabara au apunguze jengo.

Ukitazama juu juu utasema hapo hakuna kasoro. Lakini hebu tusafiri kidogo hadi jimbo la California, ambako kipimo hicho kilitumika kwa muda mrefu na hatimaye kikawageuka wenyewe.

Somo la California

California ina sheria yake ya kupima athari za miradi tangu 1970, iliyotiwa sahihi na Gavana Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mwaka wa 1972 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hata miradi ya watu binafsi inayohitaji kibali cha serikali lazima ipimwe.

Sasa tuseme kuna mitaa miwili mipya, kila mmoja una nyumba mia moja. Wa kwanza uko mjini, karibu na kituo cha treni. Wa pili uko kilomita 30 nje ya mji, katikati ya mashamba. Mtaa wa mjini unaanguka mtihani, kwa sababu makutano ya hapo yalikuwa yamejaa tangu zamani na magari machache tu yanatosha kuyashusha hadi F. Mtaa wa mashambani unapasi, kwani barabara yake ni tupu.

Lakini fanya hesabu ya darasa la nne. Mkazi wa nje anayeendesha gari kwenda kazini na kurudi anakula kilomita 60 kila siku. Yule wa mjini, akikaa kilomita sita kutoka kazini na akiamua kutumia gari, anakula 12. Gari moja la nje ni sawa na magari matano ya mjini kwa umbali. Sheria iliyokusudiwa kulinda mazingira ikawa inawasukuma wajenzi mahali penye moshi zaidi!

Si hayo tu. Mwaka wa 2006 mahakama ilisimamisha mpango wa njia za baiskeli wa jiji la San Francisco kwa sababu haukuwa umefanyiwa tathmini ya mazingira. Hofu mojawapo ilikuwa kwamba njia hizo zingechelewesha magari. Zuio hilo liliondolewa kabisa mwaka wa 2010.

Ndipo mwaka wa 2013 Gavana Jerry Brown akatia sahihi sheria ya kubadilisha kipimo. Tangu Julai 1, 2020, kote jimboni humo, kuchelewa kwa magari hakuhesabiwi tena kuwa madhara kwa mazingira. Kinachopimwa ni umbali ambao magari yatatembea kwa sababu ya mradi. Mradi ulio ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800, kutoka kituo kikuu cha usafiri wa umma kwa kawaida huchukuliwa kuwa hauna madhara makubwa ya aina hiyo. Kwa nyumba za kwingineko, mwongozo wa jimbo ulipendekeza kila mkazi atembeze gari umbali ulio chini ya wastani kwa asilimia 15.

Na hapa kwetu?

Tazama Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ilipopanuliwa, wengi tulidhani msongamano umezikwa. Mwaka uliofuata Thika Road Mall ikafunguliwa Roysambu, na 2015 ikafuata Garden City. Nyumba za kupanga zikamea Kahawa, Ruiru na Juja kama uyoga. Leo anayesafiri kutoka Ruiru asubuhi anajua yanayompata. Kila mradi huwa na ripoti yake, lakini magari ya miradi yote hukutana katika barabara moja.

Mkazi wa Kilimani au Kileleshwa huenda akasema: "Basi kwa kuwa sisi tuko karibu na mji, tujengewe tu bila kipimo?" La, hasha. Ukaribu hufaa pale tu mtu anapoweza kutembea. Penye mtaro wazi badala ya njia ya miguu, na matatu inaposhukisha abiria katikati ya barabara, hata mwenye ofisi kilomita mbili tu atatafuta gari. Nairobi ni jiji ambalo wengi huenda kwa miguu au kwa matatu. Ripoti inayohesabu magari peke yake imewasahau walio wengi.

Maswali ya kuuliza

Miradi mikubwa hutangazwa magazetini, na ilani hutaja mahali pa kusomea ripoti na siku za kutoa maoni. Kwa miradi midogo, aghalabu majirani hupelekewa hojaji. Usitie sahihi kabla ya kuuliza haya:

Magari yalihesabiwa siku gani? Kama ni wakati wa likizo ya shule, hesabu hiyo ni pungufu.

Je, watu wanaotembea na abiria wa matatu walihesabiwa?

Majengo mengine yanayojengwa katika barabara iyo hiyo yamejumlishwa?

Malori ya ujenzi yatapita saa ngapi, na kwa njia ipi?

Njia ya miguu na kivuko vitajengwa na nani, na lini?

Wanafunzi wanaweza kusaidia. Simameni mahali salama kando ya makutano yenu kwa saa moja asubuhi, mmoja ahesabu magari, mwingine watu. Karatasi hiyo ni ushahidi wa kuambatanisha na maoni ya mtaa.

Na usiseme hakuna atakayekusikiliza. Mnamo Juni 2019, jopo la kitaifa la kusikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayepinga leseni ya NEMA ana siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo hilo.

Jiji linahitaji nyumba, na watoto wetu watataka pa kuishi. Lakini jengo likishasimama halisogezwi, na barabara ikishazibana nyumba pande zote mbili haipanuki. Wakati wa kuuliza ni pale mabati yanapozungushiwa ploti, au kabla yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.