Je, Wajua? Hela Mfukoni, Fuvu Kalenga

Je, wajua kwamba Mtanzania anaposema "sina hela" anataja sarafu ya Mjerumani? Heller ilikuwa sarafu ndogo iliyoanza kutumika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Kabla yake zilihesabiwa pesa 64 kwa rupia. Rupia ya Mjerumani imebaki kwenye makabati ya wakusanyaji wa sarafu, lakini hela iko kinywani mwa kila mtu, kuanzia konda wa daladala hadi bibi anayeuza maandazi.

Neno hili halikuja kwa biashara ya hiari. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuitafuta kwenye shamba la mlowezi au kwenye kazi za serikali. Wengi walilijua jina la sarafu kabla ya kuishika, kwa kuwa walidaiwa. Shule nayo ni neno la Kijerumani, na hilo tumelipokea kwa moyo mkunjufu zaidi.

Sarafu za mwisho za koloni hilo zilifuliwa Tabora mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, baada ya manowari za Waingereza kufunga njia ya bahari. Za shaba zilitoka kwenye vitu kama maganda ya risasi. Ya dhahabu, yenye thamani ya rupia 15, ilitumia dhahabu ya Sekenke, huko Singida. Upande mmoja amechorwa tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Ukiishika mkononi, umeshika vita.

Je, wajua kwamba mipaka mingi ya Afrika haikuchorwa kwenye Mkutano wa Berlin? Mkutano ule ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukamalizika tarehe 26 Februari 1885. Yaliwakilishwa mataifa 14, na Mwafrika hakukaribishwa hata mmoja. Kilichoamuliwa pale hasa ni kanuni za kunyang'anyana. Mistari yenyewe ilichorwa baadaye, wawili wawili, kwa mikataba iliyotiwa saini Ulaya. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Peters alikuwa amezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 na makaratasi ya Kijerumani, akiwapa watemi na majumbe watie alama zao chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma.

Hapo hapo tuifute hadithi moja. Tumesimuliwa tangu utotoni kwamba mpaka wa Kenya na Tanganyika umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima huo kama zawadi. Si kweli. Mstari ule ulitoka kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm hakuwa Kaisari hadi 1888. Hadithi hii imependwa kwa sababu inaonesha jinsi ardhi ya watu ilivyogawiwa kama keki ya sherehe. Ukweli unauma zaidi: yalikuwa mapatano ya kiofisi, yaliyowapasua Wamasai katikati bila kuwauliza neno.

Je, wajua kwamba Mkataba wa Versailles, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una kifungu kinachomtaja Mhehe? Ni kifungu cha 246. Kinaitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi sita.

Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa pale pale pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kisha wakamsaka Mkwawa maporini miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa kwa wakubwa wao.

Sasa hesabu mwenyewe. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1919 na ulisema miezi sita. Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Aliyelileta ni gavana wa Kiingereza, Edward Twining, aliyelipata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Miaka 35 imo katikati ya ahadi na utekelezaji. Leo fuvu hilo limo ndani ya kisanduku cha kioo katika makumbusho ndogo ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini. Ukipita njia hiyo, simama. Ni chumba kidogo, na dakika chache mbele ya kisanduku kile zinatosha kukunyamazisha.

Je, wajua kwamba mifupa iliyovuta mamilioni ya watalii Berlin ilibebwa kwa vichwa vya watu wa Lindi? Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walifukua dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu kila mara. Huko Berlin alisimamishwa mfupa kwa mfupa mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13.

Kumbuka ni ardhi ipi hii. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbini, kaskazini mwa Tendaguru, mwaka 1905, vikachochewa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa ambacho malipo yake yalikuwa madogo kiasi cha wengine kukataa kuyapokea. Wajerumani walichoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Waliobeba mifupa ya Tendaguru miaka michache baadaye walikuwa watu wa kusini hiyo hiyo. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa hodari wa kutambua na kuandaa visukuku. Mwaka 2007 hatimaye jina lake liliingia katika sayansi, pale dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Je, wajua kwamba Kariakoo ya Dar es Salaam haina maana yoyote kwa Kiswahili wala Kizaramo? Ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lililopiga kambi mahali hapo. Nairobi kuna Kariokor, ndugu yake wa jina. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi katika nchi isiyo na barabara, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Leo watu wanauza vitenge na simu juu ya jina lao, na wachache wanajua kwamba wanataja kikosi.

Je, wajua kwamba meli ya Liemba imewahi kulala chini ya Ziwa Tanganyika kwa miaka kadhaa? Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi karibu na Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina jipya.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Mwaka huo huo taasisi ya Berlin iliyokuwa ikichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai wa baadhi ya waliochukuliwa Kilimanjaro. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na ambaye ukoo wake umelitafuta fuvu lake kwa miongo mingi, hakuwa miongoni mwa waliopatikana.