Uliza shina kabla ya kununua mche wa mchungwa

Mkazi wa Kata ya Shanwe anaponunua mche wa mchungwa uliobebeshwa, hununua miti miwili: kikonyo kitakachozaa machungwa, na shina la chini lenye mizizi. Shina hilo ndilo linalokabiliana na vimelea vya udongoni vinavyoozesha mizizi na kulifanya gome litoe gundi, hasa mahali maji yanapotuama.

Kwa sababu hiyo watafiti huyapima mashina kabla ya kuyapendekeza. Miche michanga ya aina mbalimbali hupandwa katika udongo uliotiwa vimelea hivyo kwa makusudi, kisha hung'olewa, mizizi ikaoshwa na kukaguliwa. Mlimau wenye matunda ya manundu, unaopendwa kwa kustahimili ukame, huonekana dhaifu. Mdanzi huhimili vyema zaidi. Lakini ukibebeshwa mchungwa huweza kuangamizwa na virusi vya tristeza vinavyoenezwa na vidukari. Brazili ilipoteza mamilioni ya miti kwa njia hiyo kuanzia miaka ya 1930.

Mnunuzi amuulize mwenye kitalu mche wake umebebeshwa juu ya shina gani. Aupande kiungo kikiwa juu kabisa ya udongo, kwani gome la mchungwa wenyewe hushambuliwa kwa urahisi. Anayekifukia kiungo amelipia kinga asiyoitumia.