Kuua Seli Maabarani Si Kuponya Mgonjwa

Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, wamejipatia riziki kwa vizazi vingi kutokana na asali, ubuyu na mizizi ya porini. Elimu yao ya mimea inastahili heshima. Hata hivyo, mnunuzi anapoambiwa mnadani kuwa mzizi fulani "umethibitishwa na maabara kutibu saratani", ni vema ajue maana ya maneno hayo.

Maabara hupima nini?

Mtafiti huweka kemikali ya mmea juu ya seli za saratani zilizooteshwa katika kisahani, kisha huangalia iwapo zitaacha kuongezeka. Kemikali nyingi hufaulu kipimo hicho. Hata sumu hukifaulu. Kisahani hakina ini, figo wala damu, hivyo hakiwezi kuonyesha madhara yatakayompata mtu.

Mfano wa Afrika Mashariki

Mwaka 1972 wanasayansi walitangaza maitansini, kemikali waliyoitenga kutoka mmea wa Maytenus wa Ethiopia. Ilizuia seli za saratani kwa nguvu kubwa. Mmea wa jamii hiyo ukavunwa kwa wingi Shimba Hills, Kenya, kwa kuwa kila mzigo ulitoa kemikali kidogo mno. Wagonjwa walipopewa, iliwadhuru matumbo na neva, na majaribio yakasitishwa. Ni mwaka 2013 tu ndipo dawa yenye kemikali ya jamii hiyo ilipoidhinishwa nchini Marekani, ikiwa imeunganishwa na kingamwili kinachoifikisha kwenye seli za saratani ya matiti. Ilichukua miaka 41.

Tunakushauri

• Muulize muuzaji: je, dawa hii ilijaribiwa kwa wagonjwa, au kwa seli tu?
• Hakikisha dawa ya asili imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.
• Mweleze daktari kila dawa ya mitishamba unayotumia, kwani baadhi huathiri utendaji wa dawa za hospitali.
• Uvimbe usioisha, kidonda kisichopona au kutokwa damu kusiko kwa kawaida visisubiri. Nenda zahanati, ikibidi, utapewa rufaa.

Saratani nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Fedha iliyopotea kwa dawa isiyofaa huweza kutafutwa tena. Miezi iliyopotea hairudi.